PDK4: jeni inayobana matumizi ya sukari unapofunga

PDK4 ni nini?

Ni jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 7. Imebeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nguvu. Binadamu ana jeni nne za ukoo huu, PDK1 hadi PDK4. Hii ya nne huamka sana mtu akikaa na njaa.

Kimeng'enya hicho kina kazi gani?

Ni bawabu. Glukosi ikivunjwavunjwa hugeuka pairuveti, nayo huingia mitokondria na kuchakatwa na kundi la vimeng'enya liitwalo pairuveti dihaidrojenesi. PDK4 hulibandika kundi hilo fosfeti, likasimama. Misuli na moyo hugeukia mafuta.

Kwa nini mwili ujinyime sukari?

Kwa ajili ya wanaoihitaji zaidi. Ubongo hutegemea sana glukosi, na chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, kwa hiyo haziwezi kutumia mafuta. Mtazame aliyefunga Ramadhani: amekula daku, amefanya kazi kutwa, na kufikia alasiri akiba ya sukari kwenye ini imepungua. Insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, imeshuka, asidi za mafuta zimepanda. Hayo mawili ndiyo yanayoiamsha PDK4. Pairuveti iliyozuiwa haipotei: sehemu yake hurudi kwenye ini ikiwa laktati au alanini, ikatengenezwa glukosi upya. Akifuturu kwa tende na uji, insulini hupanda na jeni hutulia. Kwangu mimi, huu ni ustadi wa mwili unaostahili kujulikana na kila anayefunga.

Kisukari kinaingiaje hapo?

Katika kisukari aina ya pili, mwili hauitikii insulini ipasavyo, na PDK4 inaweza kubaki juu hata mtu akiwa ameshiba. Misuli inaendelea kubana matumizi huku damu imejaa sukari. Si chanzo pekee cha ugonjwa, lakini huuongezea uzito.

Basi nikapime jeni hii?

Hapana, pima sukari. Mwenye kisukari anayetaka kufunga amwone daktari kabla mwezi haujaandama, dawa zipangwe upya, hasa insulini na glibenklamaidi. Mchana ajipime kwa mashine. Ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikipita 16.6, afungue hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika chache.