Tofali mbichi haziyeyuki kama sukari, jamani

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tatu, "fundi, udongo si utayeyuka mvua ikinyesha?" Wa tatu alikuwa ananionyesha picha za Misri kwenye simu yake, ukuta wa tofali mbichi uko mbele ya macho yake na bado anauliza.

Haya. Pale Abydos, huko huko Misri, kuna boma la mfalme Khasekhemwy, linaitwa Shunet el-Zebib, la kama mwaka 2700 KK, udongo ulioanikwa juani basi, na kuta bado zimesimama karibu mita 11. Najua utasema Misri hainyeshi. Sawa, lakini kinachoua ukuta wa udongo mara nyingi sio mvua ya juu, ni maji ya chini. Yanapanda kutoka ardhini na chumvi yake, maji yanakauka, chumvi inabaki inafumua tofali mpaka unga, ukuta unaliwa usawa wa goti halafu siku moja unalala. Kwa hiyo inua msingi wa mawe, toa paa mbele, elekeza maji mbali.

Halafu mtu ananisikiliza vizuri kabisa, akifika nyumbani anapiga plasta ya simenti "ili ikae imara"! Mteja wangu mmoja alifanya hivyo, baada ya masika mbili nikagonga ukuta kwa kidole, unalia tupu, nikabandua kipande kwa patasi, nyuma yake udongo umelowa unauchota kwa kijiko. Simenti inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, kutoka hayawezi. Ni kumvalisha mtu nailoni juani. Wasumeri, watu wa kale wa Iraq ya kusini, hilo walilijua: zigurati ya Uru, yaani mnara wa hekalu wa ngazi kwenye mji wao, aliyoianza Ur-Nammu kama 2100 KK, ndani ni tofali mbichi, nje tofali za kuchoma zilizoungwa kwa lami, na kwenye hilo ganda wakaacha matundu membamba kibao ili unyevu wa ndani utoke. Piga lipu ya udongo au chokaa, ikichakaa unarudia, basi.

Na hapo hapo inakufa ile ya "wazee walitumia mbichi kwa sababu hawakujua kuchoma". Walijua sana, Mohenjo-daro, mji wa kale wa Pakistan ya leo, imejaa tofali za kuchoma. Ila tanuri linakula kuni, na Iraq ya kusini kuni utazitoa wapi?

Eti ni nyumba za maskini. Amenhotep wa Tatu, farao tajiri kuliko wengi, ikulu yake ya Malkata ilikuwa ya udongo. Mawe yalikuwa ya miungu na makaburi.

Eti udongo hauwezi kubeba paa la kuba bila nondo. Maghala ya Ramesseum, hekalu la farao Ramesses wa Pili, yana mapaa ya tofali mbichi yaliyopinda na mengine yapo mpaka leo, miaka 3,200 na zaidi, nondo hakuna.

La mwisho ni nyasi. Mnaziona kama nondo, sijui ni kwa sababu ya ile habari ya Waisraeli kunyimwa majani na Farao. Kazi yake kubwa ni kufanya tofali likauke sawasawa lisipasuke, na udongo wenye mchanga wa kutosha hauzihitaji kabisa. Kwa hiyo kabla hujanipigia kuuliza debe ngapi za nyasi, fyatua tofali tatu za mchanganyiko tofauti, anika kivulini wiki mbili, uniletee ile isiyo na ufa.