Benkiroli kwenye kubeti ni nini, na kwanini hata wanaojua mpira wanafilisika

Benkiroli ni ile pesa uliyoitenga kwa ajili ya kubeti tu, yani hata ikiisha yote leo jioni kodi inalipwa, watoto wanakula na humpigii mtu simu kuomba nauli. Mshahara sio benkiroli, hela ya mzigo wa dukani sio benkiroli, na ile ya kukopa kwenye simu, Songesha au Fuliza, ndo kabisaa, hilo ni deni na makato yake yanakusubiri mkeka wako (tiketi ya kubeti) uchanike usichanike.

Sasa kuisimamia ndo nini? Unaamua mapema, kabla hata hujaangalia mechi, kila dau litakuwa sehemu gani ya hiyo pesa. Wengi wenye nidhamu wanacheza 1% au 2%. Una laki moja, dau ni 1,000 au 2,000, basi, hata kama mechi unaiona kabisa hii haitoki.

Watu wanaona hiyo ni uoga ila angalia hesabu. Odi ya 2.00, yani ukishinda unarudishiwa mara mbili ya dau, yenye nafasi nusu kwa nusu, kupigwa mara 5 mfululizo kunatokea mara 1 kati ya 32, na mtu anayebeti kila siku hiyo lazima akutane nayo tu, hana mkosi wala hajalogwa. Aliyekuwa anaweka 20,000 kwenye laki yake keshamaliza, wa 2,000 bado ana 90,000 na kichwa kimetulia. Halafu kuna hili watu hawaliwazi, ukishapoteza nusu ya pesa yako, kurudi ulipokuwa unatakiwa kilichobaki ukifanye kiwe mara mbili, yani faida ya 100%, sio 50% tena.

Ndo maana mi mtindo wa kudabo siupendi hata kidogo. Unaanza na 1,000, ukipigwa unaweka 2,000, halafu 4,000, 8,000, unaendelea hivyo hivyo, ukipigwa mara 7 umeshatoa 127,000 na dau la nane ni 128,000, na yote hayo ukishinda kwa odi ya 2.00 faida yako ni buku moja! Hapo bado kampuni haijakuwekea kikomo cha dau.

Na mikeka mirefu je, ile ya kuunganisha mechi nyingi ambayo moja ikitoka umepoteza yote? Chukua timu 10 ambazo kila moja ina nafasi ya 70% kushinda, zote zinaonekana ni mserereko eti, lakini zote 10 kuingia pamoja ni kama 2.8%. Na kampuni inakata chake kwenye kila mechi. Mechi ambayo haki yake ni odi 2.00 wanakupa 1.90, ukiunganisha 10 za hivyo, kwa wastani kila 1,000 unayoweka inarudi kama 600. Kwahiyo dau dogo kwenye mkeka mrefu sio usalama kama watu wanavyodhani, hasa yule anayetuma mikeka sita kwa siku ya jero jero.

Kuna kanuni ya John Kelly, jamaa aliyekuwa Bell Labs huko Marekani, aliitoa mwaka 1956. Inakwambia uweke asilimia ngapi ya benkiroli kutokana na unavyoizidi odi, yani nafasi halisi ya kushinda inavyokuwa kubwa kuliko odi inavyoonyesha. Odi 2.00, na una uhakika nafasi halisi ni 55%, inasema weka 10%, ila wanaoijua huwa wanaweka nusu yake au chini ya hapo maana hiyo 55% umeikadiria mwenyewe na unaweza ukawa umejidanganya. Sasa patamu ni hapa, kama huizidi odi, jibu la kanuni ni sifuri. Usiweke kitu.

Yani benkiroli haikufanyi ushinde, inachelewesha tu kuisha. Dau la 2,000 kwa odi 1.90 kwenye mechi ya nusu kwa nusu linakula shilingi 100 kwa wastani, ukibeti mara tatu kwa siku ni kama 9,000 kwa mwezi, hiyo ndo bei ya burudani yako. Michezo ya haraka kama Aviator, ule wa kindege kinachopaa, ni habari nyingine. Hata ikirudisha 97%, dau la 2,000 linaliwa 60 tu, unaona kidogo, ila raundi moja haimalizi hata dakika, raundi 100 zinaisha ndani ya saa moja hivi na hapo kwa wastani 6,000 imeshaondoka.