Nguzo ya Mkongeni: Datumu na Projeksheni kwa Mpimaji wa Tanga

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya upimaji ardhi tulikwenda mazoezini nje ya mji wa Tanga kutafuta nguzo ya zamani ya upimaji, ambayo majiranukta yake, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo, tulikuwa tumeyachukua kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000. Tuliyaingiza katika kipokezi cha GPS, tukafuata mshale hadi ndani ya shamba la mkonge, na hapo hapakuwa na nguzo. Ilikuwa kusini yetu, ikielekea kidogo mashariki, umbali unaozidi mita 300. Hakuna aliyekosea tarakimu hata moja.

Kosa lilikuwa katika datumu, yaani mfumo wa rejea ambao majiranukta hupimwa kwao. Ramani ile ilichorwa kwa Arc 1960, datumu inayotumia elipsoidi (umbo la dunia lililobapa kidogo kwenye ncha) ya Clarke ya mwaka 1880, ilhali GPS hutumia datumu ya WGS 84, yenye elipsoidi yake. Wanafunzi wengi ninaowafundisha sasa hudhani kuwa tofauti inatokana zaidi na ukubwa wa elipsoidi hizo, kwa kuwa nusu kipenyo cha ile ya kwanza kwenye ikweta ni mita 6,378,249 na cha ya pili ni mita 6,378,137. Jambo kubwa zaidi ni mahali zilipowekwa. Arc 1960 ina mizizi yake katika upimaji wa pembetatu uliofanywa ardhini kufuata meridiani (mstari wa longitudo) ya 30, inayopita mkoani Kigoma, kabla ya zama za setilaiti. Wapimaji wale walitafuta elipsoidi iliyolingana na uso wa bara walilokuwa wakilipima, kwani kitovu cha dunia hawakuwa na njia ya kukifikia kwa vipimo vyao. Kwa wastani uliokokotolewa kwa Kenya na Tanzania, kitovu cha elipsoidi yao kimekaa takriban mita 302 kusini ya kile cha WGS 84, mbali na mita 160 na mita 6 katika mihimili mingine miwili. Nasi tunaoishi karibu na ikweta, mhimili wa dunia unakaribia kuwa sambamba na ardhi tunayoikanyaga, kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo mita 302 hujitokeza kwenye ramani kama kosa la kaskazini na kusini. Kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika somo hili, na husikitika ninapoona inafundishwa kama fomula ya kukariri.

Projeksheni, yaani njia ya kuuhamisha uso wa dunia uliopinda kwenye karatasi bapa, ni suala jingine. Katika UTM, projeksheni inayoigawa dunia katika kanda za longitudo, tumo kwenye ukanda wa 37, unaoanzia longitudo 36 hadi 42, na meridiani yake ya kati, yaani 39, inapita takriban kilomita 11 magharibi ya mji wa Tanga. Wengi huamini kuwa hapo katikati ndipo ramani inapokuwa sahihi kabisa, kumbe ndipo inapofinya zaidi: kipimo cha skeli, yaani uwiano wa urefu wa ramani na urefu halisi, ni 0.9996, na kinafikia 1 umbali wa kilomita 180 hivi kila upande. Kwa kiwanja chenye upande wa mita 30, upungufu ni sentimita 1.2, kwa barabara ya kilomita 30, ni mita 12.

Kinachowapoteza wanafunzi ni kwamba ramani za datumu zote mbili, Arc 1960 na WGS 84, hutumia ukanda uleule, na huanza kuhesabu kutoka mita 500,000 za mashariki na 10,000,000 za kaskazini, hivyo namba zake hufanana mno na hakuna kinachomshtua msomaji. Ndiyo maana sipokei orodha ya majiranukta isiyotaja datumu.

Alasiri ile tulibadili mpangilio wa kipokezi kuwa Arc 1960, na mshale ukageuka kusini. Ulitufikisha hatua kadhaa kutoka kwenye nguzo, si juu yake hasa, kwa kuwa vile vipimo vitatu vya kitovu (mita 302, 160 na 6) ni wastani wa nchi mbili nzima. Hatua zilizobaki tulizimaliza kwa macho, tukifyeka nyasi.