Chini ya sheria au chini ya neema: maana yake kwa Mkristo

Ukisimama Mwanjelwa au Uyole, hapa Mbeya, siku ya mkutano wa injili, swali hili hulikosi: Mkristo bado yuko chini ya sheria, au anaishi chini ya neema? Mara nyingi anayeuliza ana jambo lake moyoni. Anataka kujua kama kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni halali kwake, kama ni dhambi kulima Jumamosi, kama kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, kitamkosesha mbingu.

Maneno yenyewe ni ya mtume Paulo, katika Warumi 6:14: "Kwa maana dhambi haitawatawala ninyi, kwa sababu hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema." Sheria anayoitaja hapo ni torati, waliyopewa Israeli kwa mkono wa Musa, ambayo walimu wa Kiyahudi walihesabu ndani yake amri 613. Neema ni wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili, uliofunuliwa katika Yesu Kristo. Aliye chini ya sheria anasimama mbele za Mungu na matendo yake mwenyewe, akianguka, amehukumiwa. Aliye chini ya neema anahesabiwa haki kwa kazi ya Kristo, naye anaipokea kwa imani. Kwanza Paulo anauliza nani anakuhesabia haki. Mambo ya kufanya na kutofanya yanafuata baadaye, na mtu akiyatanguliza, mafundisho yake yote yanapinda.

Ugomvi huu ni wa zamani. Katika Matendo 15, waamini fulani wa kundi la Mafarisayo walitaka watu wa mataifa watahiriwe na kuishika torati. Petro akawauliza kwa nini wawatwike kongwa ambalo baba zao wala wao wenyewe hawakuweza kulichukua. Kikao kikaamua wasitahiriwe, ila wajiepushe na vyakula vya sanamu, damu, vilivyonyongwa, na uasherati. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walipoingia Unyakyusa mwaka 1891, wazee wetu waliingia kanisani kwa mlango uliofunguliwa na uamuzi ule.

Torati haikutupwa, maana Yesu alisema hakuja kuitangua bali kuitimiliza. Paulo anaiita kiongozi (Wagalatia 3:24), akimfikiria mtumwa wa nyakati zile aliyemsindikiza mtoto kwa mwalimu na kumchunga adabu. Mtoto akishakua, kiongozi hamwamrishi tena, lakini adabu inabaki. Ndiyo maana katika Warumi 13 Paulo anazirudia "usizini" na "usiibe", akisema zote zinatimizwa katika kumpenda jirani. Anayejificha nyuma ya neema ili aendelee na nyumba ndogo yake, jibu lake liko aya moja tu baada ya ile ya Warumi 6:14: "Hasha!" Na Tito 2 inasema neema hiyohiyo ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya.

Kuhusu Jumamosi, Wasabato wanafundisha kwamba amri kumi zote zinadumu, na pia kwamba mtu huokolewa kwa neema. Kuwaita watu wa sheria kwa sababu tu wanaitunza Sabato ni kuwaonea. Mimi nasimama na Warumi 14: anayeiadhimisha siku aiadhimishe kwa Bwana, na asiyefanya hivyo asihukumiwe.

Ulanzi ni habari nyingine. Maandiko yanakemea ulevi waziwazi, ila hakuna amri ya Musa inayowakataza watu wote kuonja kileo. Makanisa mengi yamekataza kwa kanuni zao, na mtu aliyeona vijiji vya Iringa na Njombe masika, ulanzi ukiwa umejaa, hawezi kusema kanuni hiyo haina sababu. Ibaki kanuni ya malezi, basi. Ikianza kutumika kupimia nani ameokoka, tumejirudisha wenyewe chini ya kongwa.

Linaloniuma zaidi ni hili la kutenga watu. Binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa, hafiki mezani pa Bwana, hukaa benchi la nyuma mpaka atubu mbele ya usharika. Aliyempa mimba, mara nyingi, anaendelea kuimba kwaya. Hapo hata torati haikufuatwa, kwa maana Kumbukumbu la Torati 22 inapohukumu uzinzi inawahukumu wote wawili. Neema nayo haikuonekana. Yule mwanamke wa Yohana 8, aliyefumaniwa katika uzinzi, alisikia kwanza kwamba Yesu hamhukumu, ndipo akaambiwa asitende dhambi tena; sisi tunadai badiliko kwanza, kisha tunafikiria msamaha. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake, na Paulo mwenyewe aliitumia Korintho. Lakini katika waraka wa pili, sura ya 2, anawaandikia haohao kuhusu mtu aliyekwisha kuadhibiwa: wamsamehe, wamfariji, wamthibitishie upendo wao, asije akamezwa na huzuni.