Kwa nini madini ya aina moja huwa na fuwele za maumbo tofauti?

Tazama chembe za chumvi kwa kioo cha kukuzia: nyingi ni vijisanduku. Hizo ni fuwele, yaani vipande vigumu ambavyo chembe zake ndogo kabisa zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Ndani ya chumvi, ioni (atomi zenye chaji ya umeme) za sodiamu na za kloridi hupokezana nafasi, kila moja ikizungukwa na sita za aina ya pili: juu, chini, kushoto, kulia, mbele na nyuma. Kwa mpangilio huo, kona za nyuzi 90 hujileta zenyewe. Kwatzi, ambayo ni silikoni na oksijeni, ina mpangilio mwingine, na nyuso za mche wake wa pande sita hukutana kwa nyuzi 120. Mwaka 1669 Nicolaus Steno wa Denmark alionyesha kwamba hata kwatzi ikiwa nene, nyembamba au imepinda upande, pembe hizo hazibadiliki.

Basi mbona madini ya floraiti huwa mchemraba mahali pamoja, na kwingine ina nyuso nane za pembetatu? Kalsaiti, madini yanayounda mawe ya chokaa, ndiyo imezidi, maumbo yake ni mamia. Hapa mwamuzi ni kasi. Kila uso wa fuwele hukua kwa mwendo wake, na wengi hudhani uso mpana ndio uliokua haraka. Ni kinyume. Uso wenye kasi husonga mbele huku ukibanwa na majirani zake, unazidi kuwa mdogo, mwisho unatoweka na kuacha kona au ncha. Tunazoziona ni nyuso zilizokawia.

Kasi hiyo hubadilishwa na joto, wingi wa madini yaliyoyeyuka, na uchafu. Ukitia urea, kemikali ya mbolea, kwenye maji ya chumvi, molekuli zake hung'ang'ania nyuso za pembetatu, ambazo kwa kawaida hukua haraka na kutoweka, na kuzichelewesha. Badala ya vijisanduku unapata fuwele za nyuso nane.

Kujaribu chumvi tupu ni rahisi. Yeyusha gramu 36 hivi katika mililita 100 za maji ya vuguvugu, chuja, funika kwa karatasi yenye vitundu, uache pasipo jua wala mtikisiko. Maji yakikauka haraka, kingo na kona hupata chumvi kabla ya katikati ya uso, na unatoka na vijisanduku vilivyobonyea kama ngazi zinazoshuka ndani. Vikiota vingi mno kwa pamoja, hugandana na kupotezeana umbo.

Tatizo hilo la nafasi ndilo linaloharibu fuwele nyingi ardhini. Kwatzi iliyomo kwenye mwamba wa graniti huwa haina umbo la kueleweka, kwa sababu ilikuja mwisho na kujaza mianya iliyobaki. Kwenye pango la Naica, Mexico, mambo yalikuwa tofauti: uwazi mkubwa uliojaa maji ya nyuzi joto 58 hivi, yaliyokaa karibu bila kubadilika kwa maelfu mengi ya miaka. Jasi, madini laini ya kutengenezea plasta, iliota humo polepole hadi fuwele za takriban mita 11.