"Fundi, Niongezee RAM"

Jumatatu asubuhi, kabla hata sijafagia mlangoni, mhasibu wa chama kimoja cha msingi cha tumbaku kaniwekea mezani ZBook 15 G3. Ni mashine ya kazi nzito hasa, na nzito mkononi vilevile, mtumba wa Ulaya uliopitia Kariakoo. "Shikamoo fundi. Niongezee RAM, inasusua." Nikaiwasha. Nikabandika maji. Nikakoroga chai, nikanywa, na kikombe kilipoisha ndipo alama za kwenye skrini zilipoanza kujipanga. RAM iliyokuwamo: gigabaiti 16. Iliyokuwa inatumika: 5 na ushee. Kazi zake ni Excel, barua pepe na mfumo wa mahesabu unaofunguka kwenye brauza.

Huyo ni wa nne mwezi huu, na wote wanne wamekuja na jibu tayari. Hakuna anayesema "mashine yangu inachelewa, angalia." Wanasema niongezee RAM, kama mtu anayefika hospitali akaanza kwa kuchagua sindano.

Mimi namlaumu yule aliyeleta mfano wa meza na kabati. Sote tulifundishwa: RAM ni meza, diski ni kabati, meza ikiwa kubwa kazi inakwenda haraka. Hapo pa mwisho ndipo palipoharibu watu. Meza kubwa haimfanyi mtu aandike haraka. Inamzuia tu asiwe anashushashusha makaratasi sakafuni kwa kukosa pa kuyaweka. Kama makaratasi yako yanaenea kwenye nusu ya meza uliyonayo, hata nikikuletea meza ya ukumbi wa harusi hutaona tofauti. Na kama kabati lenyewe liko Ipuli, kata ya hapa Tabora, nawe umekaa sokoni, na kila karatasi lazima ifuatwe kwa baiskeli, tatizo lako ni baiskeli.

Baiskeli ya mhasibu ilikuwa diski ya kuzunguka ya mizunguko 5400 kwa dakika. Piga hesabu. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi, na kwa wastani kichwa kinasubiri nusu yake. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kusogea, milisekunde 10 na zaidi. Safari moja inagharimu 16 au 17, kwa hiyo kwa sekunde hazifiki 100. Windows inapowaka haisomi faili moja kubwa lililolala sawasawa. Inaokota maelfu ya vipande vidogo huku na kule, vingi vya kilobaiti 4. Ndiyo maana ukifungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha nini kinatumika kiasi gani, unakuta diski iko asilimia 100 lakini inatoa megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde. Watu wakiona hivyo hudhani ni virusi. SSD, yaani diski ya chipu tupu, hata ile ya kawaida kabisa inayoungwa kwa njia ya zamani iitwayo SATA, haina cha kuzungusha, na inafanya safari za namna hiyo makumi ya maelfu kwa sekunde.

Lakini msikimbilie nanyi kusema fundi kasema ni diski, siku zote ni diski. RAM ikijaa kweli, Windows huanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na diski inapanda hadi 100 vilevile. Dalili ni ileile, ugonjwa ni mwingine. Soma mistari yote miwili, wa RAM na wa diski, mashine ikiwa katikati ya kazi yako halisi. Ukiniletea imezimwa umenipa maiti.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kuliko vyote: M.2.

Mtu anaagiza SSD Dar, inaletwa na basi usiku kucha, anakuja nayo asubuhi. "Ni M.2, fundi, na laptopu yangu ina M.2." Jamani, M.2 ni umbo. Ni jina la tundu na kibao kinachoingia humo. Halikuambii kibao kinaongea lugha gani. Kuna M.2 zinazoongea SATA, hizo mwisho wake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, sawasawa na ile ya boksi ya inchi 2.5. Kuna zinazoongea NVMe, lugha mpya zaidi, kupitia njia za haraka za bodi ziitwazo PCIe, na za kizazi cha 3 zinafika kama 3500. Tundu kwenye bodi linaweza kuwa limeungwa kwa SATA peke yake, kwa PCIe peke yake, au kwa vyote viwili, na kwa macho yanafanana kama mapacha.

"Lakini imeingia!" Naam, imeingia. Hata ufunguo wa jirani unaweza kuingia kwenye kitasa chako. SATA nyingi zimekatwa pengo mbili kwenye meno yake, NVMe nyingi pengo moja, na mafundi wa YouTube wanakuambia uhesabu pengo tu. Mimi niliwahi kuamini hivyo. Kisha nikakutana na NVMe yenye pengo mbili, nikaiita SATA mbele ya mwenye nayo, nikaaibika. Na SATA yenye pengo mbili inakaa vizuri kabisa kwenye tundu la M, yaani lile la pengo moja, lisiloungwa kwa SATA, unafunga skrubu, unawasha, BIOS, ile programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows, haioni kitu. Diski nzima, tundu zima, wewe tu ndiye uliyepoteza hela. Laptopu za miaka ya 2014 hadi 2016 ndizo zenye vituko zaidi, maana watengenezaji walikuwa wanahama. Ziada ya hayo kuna urefu: 2280 maana yake upana milimita 22, urefu 80, na 2242 ni 42. Kwa hiyo chukua jina kamili la mashine, tafuta mwongozo wake wa ukarabati, ndipo utoe hela. Jina kamili, nasema, pamoja na ile G3 au G4 ya mwisho. "HP nyeusi" si jina.

Na ukishapata NVMe yako, usitarajie miujiza kwenye Word. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote unaruka mto. Kutoka SSD ya SATA kwenda NVMe, kwa kazi za ofisini, unaruka mfereji. Wateja hawapendi nikisema hivyo, na wauzaji ndio hawapendi kabisa.

SSD za bei ya kutupa zina lao. Zinaanza kuandika kwa kasi, zinajaza sehemu yao ndogo ya haraka, kisha zinaporomoka, nyingine hadi chini ya megabaiti 100 kwa sekunde. Yaani umerudi kwenye ile ya kuzunguka. Kwa mhasibu haina neno, hatagundua maisha yake yote. Na ile ya terabaiti 2 kwa bei ya kuku wawili ni uongo mtupu. Ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, kabla hujampa muuzaji mkono wa kwaheri.

RAM nayo ina watu wake, sikatai. Mpima ardhi mmoja anapiga picha za mashamba kwa droni huko Urambo na Sikonge, kisha anaziunganisha mamia kwa mamia ziwe ramani moja. Alikuja na Precision 7510 yenye RAM 16. Tukaendesha kazi yake mbele yangu: 15 na nukta, diski inalia. Huyo nikamwambia, haya, wewe ongeza. Mashine yake ina nafasi nne, mwisho 64. Mbili unazifikia kwa kufungua kava la chini, mbili ziko chini ya kibodi, na hizo za chini ya kibodi ndizo zinazofanya nitoze zaidi. Usininunie.

Akaleta RAM mbili za Kariakoo zenye chipu 9 kila upande. Chipu 9 badala ya 8 ni ECC, inayojirekebisha makosa. Prosesa yake ni i7, na kwenye mashine hizi ECC inafanya kazi yake pale tu prosesa ikiwa Xeon. Zikarudi na basi lilelile. Akapata za kawaida, DDR4 yenye pini 260, tukafika 32, kazi ikaisha bila diski kulia. Akataka 64. Tukaweka. Picha zilezile, muda uleule, kwa sababu sasa aliyebaki anasubiriwa ni prosesa. Alinitazama kama nimemwibia.

Kuhusu kuchanganya RAM za kampuni tofauti, kitabu kinakataza na mimi nachanganya kila wiki. Nyingi zinakubali na kushuka wote kwenye kasi ya aliye mnyonge. Chache zinagoma, nazibadilishana nafasi, zinakubali, na hapo sina maelezo ya kisomi ya kukupa. Naiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, asubuhi hakuna kosa, nakabidhi. Kama hiyo inatosha kwa mashine ya mtu anayepima mipaka ya mashamba ya watu, nafsi yangu bado hainijibu sawasawa. Mbili za 8 ni bora kuliko moja ya 16, maana zinafungua njia mbili, na kama huna kadi ya picha ya pekee utaiona tofauti. Kama unayo, utaiona kidogo.

Kabla hujaniletea chochote, nakili data zako. Nimeshaharibu, ndiyo maana nasema. Mwalimu mmoja alileta mashine nimwekee NVMe. BIOS ilikuwa kwenye RAID, nikaipeleka AHCI (ni namna mbili za bodi kuongea na diski) bila kuuliza, Windows ikadai ufunguo wa BitLocker, kufuli lake la diski, wenye tarakimu 48. Mwalimu hajawahi kusikia neno hilo. Akaunti ya Microsoft unakohifadhiwa ufunguo huo ilifunguliwa na mpwa wake aliyeko Mwanza siku anamnunulia, na mpwa simu ilikuwa imezimwa siku mbili. Siku mbili hizo sikula vizuri. Siku hizi ufunguo ndio swali langu la kwanza, hata kabla ya jina.

Mhasibu nilimwekea SSD ya SATA ya gigabaiti 500, nikanakili diski nzima bila kupiga Windows upya, RAM sikuigusa. Ikawaka kabla sijakoroga sukari. Jioni akapiga simu: nyumbani inasusua tena. Nikamuuliza anachajia nini. Chaja ya laptopu ndogo ya mkewe, wati 65. Mashine hizi zinataka 150 hadi 200, na zikinyimwa zinajibana zenyewe zisiungue njaa. Ile chaja yake kubwa iliachwa ofisini kwa sababu ni nzito.

Ukija, njoo na chaja yako.