Jason alifika Manhattan saa imeshapita: dhana potofu kuhusu sehemu ya nane ya Friday the 13th

Watu wakianza kuhesabu filamu za muendelezo zilizowavunja moyo mashabiki, Friday the 13th Part VIII: Jason Takes Manhattan haikosi kutajwa. Ilitoka Julai 28, 1989. Mimi ni mpenzi mkubwa wa filamu hizi za kutisha za Jason, muuaji anayewamaliza vijana mmoja mmoja, na hii iliniuma kama ilivyowauma wengine. Ila mengi inayolaumiwa nayo si kweli, na kosa lake lenyewe mara nyingi halitajwi.

Dhana: Iliharibika kwa sababu ilitengenezwa kwa hela ndogo.

Ni kinyume kabisa. Bajeti yake ilizidi kidogo dola milioni 5, na hakuna hata moja kati ya saba zilizotangulia iliyogharimu kiasi hicho. Ile ya kwanza ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Sean S. Cunningham, ilitumia kama dola 550,000 tu, ikapigwa kwenye kambi ya skauti huko New Jersey, na ikaingiza karibu dola milioni 40 Marekani peke yake. Kambi, ziwa, msitu, giza na vijana wasiojua kinachowanyemelea: mtaji ulikuwa huo, nao ulitosha.

Hela ya sehemu ya nane haikuwa ndogo. Iliyokuwa kubwa mno ni ahadi. Mwongozaji na mwandishi wake, Rob Hedden, alikuwa anaongoza filamu ndefu ya kumbi za sinema kwa mara ya kwanza. Alikuja na mawazo mawili tofauti: moja, Jason awe ndani ya meli ambako hakuna pa kukimbilia, la pili, atolewe ziwani na kupelekwa mjini. Mawazo hayo yakaunganishwa kuwa filamu moja. Kwa upande wa mji Hedden alitaka mambo mazito: daraja la Brooklyn, ukumbi wa Madison Square Garden, jengo la Empire State. Hesabu zilipopigwa, kupiga picha New York kukaonekana ni ghali kupita uwezo wa bajeti, na kipande baada ya kipande cha mji kikaondolewa kwenye muswada. Kilichobaki ni meli.

Ndiyo maana mtu akikaa kuitazama, anawaona wanafunzi waliomaliza shule wakisafiri na meli iitwayo Lazarus, Jason kajificha humo, na zaidi ya saa moja inakatika kabla hawajakanyaga Manhattan, kitovu cha New York. Filamu nzima ni dakika 100, ndefu kuliko zote saba za nyuma. Theluthi mbili zake ziko majini. Sehemu ya meli isingekuwa mbaya kama ingeitwa kwa jina lake, maana chumba cha injini na korido nyembamba ni mahali pazuri pa kumtisha mtu. Lakini jina linasema Jason anaiteka Manhattan, na mtazamaji aliyelipa kiingilio anakaa anaungoja mji.

Bango la kwanza lilizidisha kiu hiyo. Lilimwonyesha Jason akilipasua kwa kisu lile tangazo maarufu la utalii la New York, lenye moyo mwekundu. Watu wa utalii wa jimbo hilo walilalamika, bango likaondolewa na kuwekwa jingine. Kwangu mimi, lile bango lililokataliwa lina wazo kali kuliko sehemu kubwa ya filamu yenyewe. Uchungu wa mashabiki unatokea hapo: tuliuziwa picha ambayo watengenezaji hawakuwa na uwezo wa kuipiga.

Dhana: Basi angalau hizo sehemu za mjini ni New York yenyewe.

Chache tu. Kazi kubwa ilifanyika Vancouver, Kanada. Vichochoro vichafu vyenye mapipa na moshi, ambamo Jason anawakimbiza manusura, ni vya huko. New York halisi ni siku chache za kupiga picha, hasa pale Times Square, eneo la Manhattan linalowaka taa na matangazo.

Kupiga filamu mji mmoja ukajifanya ni mwingine si dhambi; sinema imekuwa ikifanya hivyo tangu zamani. Kasoro ni kwamba kichochoro hakina sura. Kinaweza kuwa cha mji wowote. Ziwa la Crystal, kwenye kambi ya filamu za mwanzo, tulilijua: gati, mitumbwi, vibanda vya mbao. Manhattan ya filamu hii haijulikani kama inavyojulikana kambi ile, na hadithi inapoishia chini ya ardhi, kwenye mifereji ya majitaka ambayo tunaambiwa hujazwa kemikali za sumu kila usiku wa manane, hata huo mji mdogo tuliopewa unapotea. Mifereji ya New York haifanyi kazi hiyo. Hubeba majitaka na maji ya mvua kuyapeleka kwenye mitambo ya kusafishia. Muuaji anayeogopwa kwa miaka minane anaoshwa na mafuriko ya kemikali, kisha tunaona amegeuka mtoto, mwili wake umelala pale. Nimejaribu mara nyingi kuukubali mwisho huo na nimeshindwa. Katika filamu ya kwanza, Jason mtoto anayechomoka ziwani ana sura iliyoharibika. Huyu wa mwisho ni mtoto wa kawaida kabisa, na hakuna anayetueleza imekuwaje.

Dhana: Jason ndiye muuaji tangu mwanzo, na tangu mwanzo alivaa kinyago chake cha hoki.

Muuaji wa filamu ya kwanza ni mama yake, Pamela Voorhees, aliyechezwa na Betsy Palmer, akilipiza kisasi kwa sababu mwanawe alizama ziwani wasimamizi wa kambi wakiwa hawamwangalii. Jason anaanza kuua katika sehemu ya pili, mwaka 1981, akiwa amejifunika gunia kichwani. Kinyago cha mlinda mlango wa hoki kinakuja mwaka 1982, sehemu ya tatu. Na katika ile ya tano, ya 1985, aliye nyuma ya kinyago si Jason bali ni mtu mwingine anayejifanya yeye, jambo lililowaudhi mashabiki miaka minne kabla ya Manhattan. Chenso wanayomshikisha watu kwenye michoro nayo si yake. Silaha yake ni panga.

Dhana: Sehemu ya nane ndiyo iliyoua mfululizo.

Iliingiza kama dola milioni 14.3 Marekani, kiwango cha chini kuliko zote za nyuma. Hilo halina ubishi. Ila tazama kilichotangulia: ya sita, mwaka 1986, ilipata kama milioni 19.4, na ya saba mwaka 1988 kama milioni 19.1, wakati ya nne, mwaka 1984, ilikuwa imekaribia milioni 33. Watazamaji walishaanza kupungua kabla meli ya Lazarus haijang'oa nanga. Na mwaka 1989 haukuwa mbaya kwa Jason peke yake. A Nightmare on Elm Street na Halloween, kila moja ikiwa imefika sehemu ya tano, nazo ziliporomoka mwaka huohuo. Watu walikuwa wamezichoka filamu za aina hii, na msimu ule wa joto Batman alikuwa amejaza kumbi.

Wala mfululizo haukufa. Baada ya hapo ulitoka mikononi mwa kampuni ya filamu ya Paramount ukaenda kampuni ya New Line, ikaja Jason Goes to Hell mwaka 1993, kisha Jason X, na mwaka 2003 Freddy vs. Jason ikavuna zaidi ya dola milioni 110 duniani. Mwaka 2009 hadithi ikaanzishwa upya.

Dhana: Hakuna chochote cha kuokoa ndani yake.

Hapa ndipo ninapobishana zaidi. Kwenye vibanda vyetu vya video tumezoea kugawa watu wa filamu mara mbili, stelingi na maadui, na kila mtu yuko upande wa stelingi. Katika filamu hizi adui ndiye anayewaleta watu. Kane Hodder, aliyekuwa akimcheza Jason kwa mara ya pili, alilielewa hilo vizuri. Tazama mabega yanavyopanda na kushuka anapopumua, na jinsi anavyogeuza kichwa kwanza kabla mwili haujafuata. Halafu kuna Julius, bondia kijana aliyechezwa na V.C. Dupree, anayeamua kupambana naye kwa ngumi juu ya paa la jengo. Anapiga na kupiga na kupiga, ngumi zinamwishia nguvu, mikono inavuja damu, anabaki kumwambia Jason naye apige. Jason anapiga moja tu. Kichwa kinaondoka.

Na kuna zile dakika za Times Square. Jason anatoka ardhini na kusimama katikati ya taa, matangazo na umati, naye ni mkubwa na wa kijivu, bado amelowa maji. Usiku ule wa kupiga picha mashabiki walijazana pembeni kumtazama, na Hodder alikataa kuvua kinyago mbele yao. Aligeuka tu akawaangalia, nao wakapiga kelele. Mbele kidogo vijana wa mtaani wamekaa na redio yao. Anaipiga teke. Wanasimama kumtishia kwa visu na minyororo, naye anainua kinyago kidogo, awaonyeshe wao tu, mgongo ukiwa kwetu. Wanatawanyika mbio, anakishusha tena, anaendelea na safari yake chini ya zile taa.